Mishi na Geti la Nyuma

Abebwaye aulizwe njia. Mmeisikia leo asubuhi kwa mjomba wenu Mbwana, mkadhani ni ya mababu. Wala. Methali hii imezaliwa ndani ya ukoo wetu, nami nilikuwapo, na chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule, nje kidogo ya Tanga, palifunguliwa bustani ya michezo yenye bembea kubwa inayozunguka wima kama gurudumu la baiskeli. Tukakubaliana kwenda Idi pili, ukoo mzima. Kama ilivyo kawaida yetu, tukaweka kikao cha kugawana mambo. Mwanangu Mbwana, ambaye hakuna kikao asichokiendesha yeye, akawa anataja: "Pilau kwa Kidawa, mikeka kwa vijana, Mishi kwangu mimi, nitambeba mgongoni."

Mishi ni binti wa Kidawa, dada yake Mbwana. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu azaliwe miguu yake haijapata kumsimamisha. Alikuwa na kiti cha magurudumu, na hamu yake yote ilikuwa kuipanda bembea ile. Mimi nikasema afadhali abaki nyumbani nami, jua ni kali. Kusema kweli sikuogopa jua. Niliogopa macho ya watu, na hata leo naona haya kulitamka.

"Bibi," Mishi akasema taratibu, "pilau na mikeka havina mdomo. Mimi ninao."

Akatueleza kwamba kwa siku tatu alikuwa akiwapigia watu wa bustani kwa simu ya mama yake. Geti kubwa lina ngazi tisa. Geti la mizigo, upande wa nyuma, halina hata moja, na mlinzi wake amekubali kulifungua. Penye bembea ni mchanga mtupu, hivyo yachukuliwe majamvi mawili ya kutandika ili magurudumu yasizame. Na yeye atapanda na mama yake, kwa sababu mjomba anaogopa kwenda juu.

Tulicheka sote isipokuwa Mbwana.

"Nimbebe mimi, halafu yeye ndiye anionyeshe njia?" akasema. "Tutapita geti kubwa, kama watu."

Siku yenyewe akambeba, Kidawa akisukuma kiti kitupu nyuma yao. Majamvi tuliyachukua, maana Kidawa hakungoja ruhusa ya mtu. Walipofika ngazi ya nne umati ukawabana, wengine wanapanda, wengine wanashuka. Mbwana haendi mbele wala harudi nyuma, jasho linamtiririka. Mtu mmoja akasema, "Ndugu, mrudishe huyo mtoto nyumbani, hapa si mahali pake." Nililoliogopa likawa limekuja. Mbwana akateremka, akashika njia ya kurudi nyumbani.

"Mjomba," Mishi akamwambia sikioni, "hatujashindwa. Tumekosea geti tu."

Mbwana akasimama. "Haya mama," akamwambia Mishi, "nionyeshe."

Tukazunguka nyuma. Mlinzi, mwanamke mwenye filimbi shingoni, akafungua kabla hatujabisha. "Wewe ndiye Mishi? Nakungoja tangu saa tatu."

Mishi akakaa kitini mwake, akatangulia. Jamvi moja likishapitwa, vijana walilikimbiza mbele kama alivyowaagiza, na sisi wakubwa nyuma tukimfuata. Bembea ilipompandisha na mama yake, nilimwambia kila aliyesimama karibu nami: yule wa juu kabisa ni mjukuu wangu. Macho ya watu niliyoyaogopa, sasa nilikuwa nayatafuta. Sijapata kujivuna kama siku ile, na sijatubu.

Pale chini Mbwana akamwona baba mmoja anaelekea ngazi zile, mtoto mgongoni, miguu ya mtoto inaning'inia. Akamfuata mbio.

"Ndugu, umemuuliza? Abebwaye aulizwe njia. Mimi nimefunzwa leo."

Kufikia Idi tatu mtaa mzima ulikuwa unaisema.

Basi, wajukuu zangu, jana nimewasikia mkigawana nani atanishika mkono na nani atanibeba kwenda hospitali Ijumaa. Mmepanga vizuri, Mungu awabariki. Lakini abebwaye aulizwe njia, nami bado hamjaniuliza.