Gadi Chini ya Kitanda

Wapendwa, kulikuwa na mwinjilisti mmoja aliyeishi ndani ya basi. Ndiyo, basi! Alitoa viti, akaweka kitanda, jiko na friji ndogo, akawa anazunguka na mkewe mji kwa mji akihubiri. Wakifika mahali wanaegesha kwa mwenyeji, wanavuta waya, wanapata umeme. Na ile friji haikuwa ya soda, jamani. Mkewe alikuwa na kisukari, na dawa zake za sindano zilikaa humo.

Sasa umeme wa kwetu mnaujua. Unakatika, halafu unarudi na hasira. Wakaenda kwa fundi kutafuta gadi, kile kifaa kinachozuia umeme ukizidi usiunguze friji. Fundi akasema, "Ziko mbili. Hii unaichomeka kwenye soketi ya mwenyeji, ukiondoka unaichomoa. Hii nyingine naifunga humu humu ndani ya basi, huigusi tena."

Mke akadakia, "Ya kufunga. Mume wangu namjua."

"Aa, mke wangu, tuchukue ya kuchomeka. Siku tukibadilisha gari tutahama nayo."

Wakanunua ya kuchomeka. Si mwenye usukani ndiye amesema?

Basi, wakapokewa na mzee mmoja wa kanisa, mtu mzito, nyumba ya ghorofa. Akawaonyesha soketi ya barazani. "Chomekeni hapa. Hapa ni kwenu."

Mwinjilisti ameshika boksi la gadi mkononi, akasita. Akawaza: nikiichomeka mbele yake, si nitakuwa namwambia umeme wake haufai? Mgeni gani huyo asiye na adabu? Akarudi ndani kimyakimya, akaisukuma gadi chini ya kitanda, akachomeka waya mtupu. Kisha akaenda kula wali kwa kuku.

Wakiwa mezani umeme ukakatika. Ukarudi. Taa zikawaka kupita kiasi, zikatulia, maongezi yakaendelea. Walipotoka alasiri, basi linanuka plastiki iliyoungua. Friji imekufa, jua limepiga bati la basi saa zote hizo, na dawa zote zimepata moto, hazifai tena. Na jioni ile mama alitakiwa kuchoma sindano.

Mwenyeji akaja mbio. "Poleni jamani! Kwani hamna gadi?"

Mwinjilisti akainama, akaivuta kutoka chini ya kitanda. Ingali ndani ya boksi lake.

"Kumbe unayo! Sasa mbona...?"

"Niliona haya, mzee. Nilidhani utasema nimedharau umeme wako."

"Mtumishi, kwangu kila kitu kina gadi. Friji, televisheni, mpaka redio ya jikoni. Umeme huu nani anauamini?"

Mwinjilisti hakujua auweke wapi uso wake. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi, dawa mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Uliogopa kumuudhi mtu uliyemjua leo. Mimi je?"

Naona mnaguna. Guneni, lakini msimgunie yeye peke yake. Sisi imani yetu ni ipi? Si ile ya kuchomeka na kuchomoa? Hapa kanisani tumeichomeka, na taa yake inawaka. Tukialikwa mezani kwa wakubwa, wakaanza kumsengenya mnyonge na kupanga namna ya kumdhulumu, tunaichomoa polepole tusionekane hatuna adabu. Tunacheka nao. Tunaongezewa mchuzi.

Na anayeungua ni nani? Si sisi tulioshiba! Ni yule aliyetutegemea tuseme neno. Na aibu iliyo kubwa zaidi, ndugu zangu, ni kwamba huenda hata yule mkubwa tuliyemwogopa alikuwa anangoja mmoja wetu afungue kinywa.

Tumwombe Mungu atufungie ya ndani, ile ambayo mkono wetu wa woga hauwezi kuichomoa. Na ukifika nyumbani leo, kabla hujanawa ule, mtazame usoni yule anayeishi kwa kukutegemea. Kisha uiname, uangalie chini ya kitanda chako.