Almasi za Bi Saumu

Gongomoto, jitu lililolinda njia ya mlimani, lilikuwa likimpokonya almasi kila mfanyabiashara aliyepita. Siku moja akatokea Bi Saumu na mfuko uliojaa.

"Lete hapa!"

"Chukua, bwana mkubwa. Ila siku hizi kioo kimezagaa sokoni. Zitwange kwanza kwa rungu lako. Si watu husema almasi halisi haivunjiki?"

Jitu likatwanga. Zote zikawa unga.

"Vioo vitupu! Unanifanya mjinga?"

"Hata mimi nimetapeliwa," akaguna Bi Saumu. "Basi nifagie, nikuachie njia safi."

"Fagia upesi, uniondokee!"

Ng'ambo ya mlima, waganga wa kufufua wafu walimsubiri na dhahabu. Dawa yao ilitaka almasi iliyosagwa, na mwenye nguvu za kuisaga alikuwa Gongomoto peke yake. Naye hakudai ujira.