Jina la Binti wa Kalunde

Walikuwapo wanawake watatu katika maabara moja ya mjini, kila mmoja na kipaji chake. Nyanzala alikuwa na mkono mwepesi: mpe tone la majimaji, atatoa protini iliyomo na kuikatakata vipande vidogo viitwavyo peptidi. Edina alielewana na mashine: alivitia vipande hivyo chaji ya umeme, akavipima uzito, kisha akakigonganisha kimojakimoja na gesi kikavunjika, akayapima na makombo yake. Rahma alikuwa na jicho: kwa tofauti za uzito wa makombo aliisoma protini herufi kwa herufi, kila herufi ikiwa asidi amino moja, mpaka akajua imetoka kwa mnyama gani.

Basi Kalunde, mjamzito, akaumwa na nyoka akikata kuni kichakani. Hakumwona vizuri. Walipomfikisha hospitali, fizi zilikuwa zikichuruzika damu.

"Nina dawa mbili," daktari alimwambia mumewe, Kasanda. "Moja ya kifutu, moja ya nyoka wa mitini. Nikikosea, huenda tusipate nafasi ya pili."

Kalunde alisikia kila neno. Akaweka mkono tumboni. Mtoto akacheza, naye akamwomba Mungu mtoto asiache kucheza.

Majimaji ya kidonda yakapelekwa maabara, machache mno, ya kutosha jaribio moja tu. Nyanzala akayashughulikia bila kupoteza kitu. Mashine ilikuwa ikiyumbayumba tangu asubuhi; Edina akaibembeleza mpaka ikatoa vipimo safi.

Kompyuta ikasema: kifutu.

"Siyo," Rahma akasema. "Uzito wa kipande kizima unalingana na wa kifutu, lakini tazameni makombo. Herufi hizi mbili zimepishana. Huyu ni wa mitini."

Dawa ikatolewa, damu ikakata. Kalunde akajifungua binti, na wale watatu wakaenda kumwona.

"Huyu somo yangu," Nyanzala akasema akimpakata. "Ningemwaga lile tone, mngepima nini?"

"Na mashine ingegoma?" Edina akauliza.

"Mngempa mama yake dawa ya kifutu," Rahma akasema, wala hakucheka.

Kalunde akampokea mtoto wake. Kwao mtoto hupewa jina moja, la mtu anayedaiwa shukrani, na hilo halibadilishwi.

"Kesho tunamnyoa," Kasanda akamnong'oneza. "Tumwite nani, mke wangu?"

Je, mngekuwa ninyi Kalunde, mngemjibuje?