Begi la Shekiondo na Chakula cha Mchana

Mtu mmoja alikuwa na mabega mawili, kama mimi na wewe, na hakuwahi kuyajulia hali. Jina lake Shekiondo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha chai huko milimani Usambara, na mtu wa stoo humjui mpaka uishi naye. Hofu yake ni moja tu: kwamba siku moja atakuja mtu kuulizia kitu, na kitu hicho kisiwepo. Kwa hofu hiyo alipandishwa cheo. Kwa hofu hiyohiyo hakuwahi kuchukua likizo akaimaliza.

Mkewe aliitwa Salima, ingawa yeye alimwita Mama Hoza, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Huyu mama alikuwa na ombi moja la tangu zamani. Juu ya kijiji chao kuna jabali ambalo ukikaa hapo unaiona nyika yote ya chini, na hapo ndipo wawili hao walipokubaliana kuoana, wakila magimbi ya kuchemsha. Salima alitaka wapande tena, waende asubuhi na kurudi jioni, wale magimbi palepale. Kila alipoomba, jibu lilikuwa stoo. Shekiondo alipostaafu, akaomba tena, na safari hii akaongeza neno.

"Magoti yangu yameanza kuniaga, Baba Hoza. Ukinikatalia leo, sitaomba tena."

Shekiondo aliogopa. Alimpenda mkewe, jamani, msije mkamfikiria vibaya. Alikubali papo hapo, halafu akasema maneno ambayo mtu wa stoo lazima ayaseme: "Ila kwanza nipate begi la kubebea chakula."

Siku ya gulio akaenda kwa Kibwana, muuza mabegi ya mtumba. Akajaribu begi la kwanza. Lilikuwa dogo, lenye mdomo mmoja na mikanda mipana ya sponji, na lilimkaa mgongoni kimya kabisa, hata akasahau kwamba amelivaa. Akalivua. Begi lisilojulikana kama umelivaa, aliwaza, lina heshima gani? La pili likakataliwa kwa uchache wa mifuko. La tatu lilikuwa la wale watu wanaolala mlimani wiki nzima. Lilikuwa na mifuko juu, mifuko chini, mifuko ubavuni, na ndani ya mfuko mmoja kulikuwa na mfuko mwingine ambao hata Kibwana hakuwa na habari nao. Mkanda wake wa kiunoni ulikuwa wa mtu mrefu, ukamfika mapajani. Shekiondo akasema huo ni urembo tu, akauchomeka ndani. Akajitazama kwenye kioo. Kioo, kama mjuavyo, humwonyesha mtu mbele yake. Akaiona mikanda imepita kifuani kama ya ofisa wa jeshi, na moyo wake ukatulia.

"Limekukaa, Mzee," Kibwana akasema. "Utadhani mmezaliwa pamoja."

Ni kweli lilimkaa. Begi tupu humkaa kila mtu.

Siku moja kabla ya safari akaanza kupakia, na hapo stoo ikamrudia. Mfuko mtupu ulimkera kama jino lililotoboka. Akatia mwavuli, na koti la mvua endapo mwavuli utagoma. Akatia redio, betri za redio, na tochi, ingawa safari ilikuwa ya mchana. Akatia nyundo na misumari mchanganyiko. Akatia dawa ya viatu, maana mtu atasimamaje juu ya jabali na viatu vya vumbi? Nani atamwona huko, hakujiuliza. Akatia kikombe cha bati na kifungua makopo, japo hapakuwa na kopo jingine zaidi ya lile la dawa ya viatu. Mwisho akatia cheti cha utumishi bora alichopewa siku ya kustaafu, na fremu yake, na kioo chake, kwa sababu nyumba isiyo na mtu si ya kuachia kitu kama hicho.

Asubuhi Salima akaja na magimbi, samaki wa kukaanga na chupa ya maji. "Tia humo," akasema.

Shekiondo akalizunguka begi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Hakuna nafasi," akasema, na alisema kweli.

Salima akalitazama begi lile lililonunuliwa kwa ajili ya chakula hicho. Akapanga vyote kwenye kikapu, akajitwika kichwani, wakatoka.

Shekiondo alitangulia, kama alivyozoea tangu ujana. Walipopita kwenye mashamba ya chai, wachumaji, wanawake wenye vikapu vyao mgongoni, wakasimama kumtazama. "Shikamoo, Baba Hoza. Mnahama?" Akajibu kwamba wanatembea tu. Mbele kidogo mwanamume mmoja akamsimamisha kuulizia betri, akidhani ni machinga, na kilichomuudhi Shekiondo zaidi ni kwamba betri alikuwa nazo.

Kisha njia ikaanza kupanda. Mikanda ikamkata mabegani. Begi likashuka, likawa linampiga makalioni kila anapoinua mguu, na kwa juu linamvuta nyuma. Alifika penye mizizi na utelezi. Akaruka yeye, begi likakataa kuruka. Akaenda chali kwenye matope, mikono juu, miguu juu, kama kobe aliyepinduliwa, na ndani ya begi cheti cha utumishi bora kikasema kraa!

Salima alicheka mpaka akakitua kikapu. Akapumzika, akacheka tena. Kisha akamfungua mikanda, akamwinua, akampangusa matope, na hapo kicheko kikaisha.

"Liache hapa, twende."

"Nani atalilinda?" Shekiondo akauliza. "Wewe tangulia. Mimi nitabaki na vitu."

Salima akamgeukia. "Baba Hoza," akasema, "nilikualika wewe. Begi sikulialika."

Akavua khanga yake ya juu, akaitupa juu ya lile begi. "Ukishindwa kabisa kuja mikono mitupu, fungia kitu kimoja humo." Akajitwika kikapu, akapanda bila kugeuka.

Shekiondo akakaa chini. Alikuwa na kiu. Akatoa kikombe chake cha bati, kikombe kizuri, kisicho na kutu, na maji yalikuwa kikapuni yakipanda mlima. Akafungua redio, ikakoroma. Akaanza kutafuta hicho kitu kimoja cha kufungia kwenye khanga. Mwavuli? Anga lilikuwa jeupe. Nyundo? Akatoa kimoja baada ya kingine, akavipanga majanini, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake nzuri. Hapakuwa na hata kimoja ambacho mkewe angefurahi kukiona kimefika.

Ndipo akaiangalia khanga yenyewe. Maandishi yamefifia, pindo limelika. Aliijua. Ilikuwa mbeleko. Siku za kuoa alipeleka zawadi za mkaja na mbeleko kwa mama mkwe kama desturi inavyotaka, akaona mambo ya mbeleko kwake yamekwisha. Kwa khanga hii Hoza alipandishwa milima hii mgongoni, na wadogo zake baada yake, kwenda shamba na kwenda zahanati, huku baba yao ametangulia, mikono nyuma, akiwaza stoo. Hakuwahi kugeuka kuuliza kama mtoto ni mzito. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio.

Akaichukua khanga, akaliacha begi mdomo wazi, akakimbia jinsi mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia.

Alimkuta Salima chini kidogo ya jabali, amekaa, kikapu mapajani. Magoti yalikuwa yamemwambia basi. Shekiondo akavitoa magimbi, samaki na maji, akavifunga katika khanga na kujitupia mgongoni, akahangaika na fundo. Alipofunga chini, mzigo ulishuka. Alipofunga shingoni, ulimkaba.

"Inama," Salima akasema. Akaipitisha khanga chini ya makwapa, akaibana, akakaza fundo kifuani, akampiga mgongoni vikofi vidogo kama mtu anayebembeleza mtoto. Mzigo ukatulia. Haukukata wala haukuvuta, na mikono yote miwili ikabaki huru. Mmoja akampa mkewe.

Wanawake waliokuwa wakishuka na kuni wakamwona mzee mwenye mvi amevaa mbeleko. Wakatua mizigo yao, wakapiga vigelegele. "Hongera, Baba! Wa kike au wa kiume?"

"Ni magimbi," Shekiondo akajibu, na hakuuachia mkono wa mkewe.

Wakafika juu, wakala, wakaiona nyika. Walipoteremka walilikuta begi palepale. Wapita njia walikuwa wamelijaribu uzito, nyayo zao zilionekana pande zote, kisha wakaliacha. Siku hizi limelala uani, na kuku mmoja hutaga katika ule mfuko ambao Kibwana hakuujua.

Basi wewe ambaye begi lako limejaa kila kitu, hebu geuka utazame nyuma yako: chakula cha mchana amekibeba nani?