Santuri Mbili, Wake Wawili

Kaeni mlipo, aliyesimama akae, na mwenye simu aizime. Kisa hiki nitakisema mara moja tu, kwa sababu nimechoka. Nimechoka mgongo, nimechoka miguu, na zaidi ya hapo nimechoka kuulizwa. Mwisho wake mimi ndiye nitakayeuliza na nyinyi ndio mtakaojibu, kwa hiyo sikilizeni vizuri msije mkanijibu ovyo.

Wamo watu watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Wa kwanza ni wifi yangu mkubwa, Bi Mwanakombo. Kipaji chake ni kutunza. Vikombe alivyoletewa siku ya harusi yake vipo sita mpaka leo, na visahani vyake sita. Mwachie kitu, rudi baada ya miaka ishirini, utakikuta palepale, tena kimefutwa vumbi.

Wa pili ni wifi yangu mdogo, Bi Saumu. Kipaji chake ni kukataa. Akikwambia hapana, chukua viatu vyako uende nyumbani. Usijaribu kumletea wazee, usijaribu kumletea machozi, utajisumbua bure.

Wa tatu si ndugu yetu. Ni Fundi Mhina wa redio, mwenye kibanda nyuma ya soko la Ngamiani. Kipaji chake ni subira ya mikono. Ulimi wake hauna subira hata kidogo, atakutukana wewe na redio yako, lakini mikono yake itakaa juu ya waya mmoja tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Mimi, Mwanahawa, sina kipaji. Mimi ni dada wa mume wa hao wifi zangu wawili, basi.

Mume wao ni kaka yangu Kibwana. Alipiga tarumbeta katika bendi ya dansi hapa Tanga, na ndiye aliyekuwa akiitungia nyimbo na kuziimba. Enzi zile bendi zilitoa vile visanturi vidogo, wimbo mmoja mbele, mmoja nyuma. Kaka akasema yeye ana jambo refu, haliwezi kuenea humo. Akatunga kisa kizima cha mwashi anayeaga kwao kwenda kutafuta kazi, anapotea njiani, anakaa ugenini, halafu anarudi. Mwaka wa sabini na tisa wakaenda Nairobi kurekodi, ikatoka albamu ya santuri kubwa mbili ndani ya jalada moja. Pande nne. Watu walisema Kibwana amekuwa mwendawazimu, nani ana muda wa kukaa chini akasikiliza pande nne? Lakini walikaa. Mpaka leo ukiwauliza wazee wa Barabara ya Kumi na Tatu santuri gani wangependa kuisikia tena kabla hawajafa, watakutajia hiyo.

Kila mpigaji alipewa nakala moja. Sasa, kaka yangu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ya mizani. Akinunua samaki, ananunua wawili wa urefu mmoja. Siku mbili kwa huyu, siku mbili kwa yule. Alipotoka Nairobi na nakala yake, akampa Mwanakombo santuri moja, akampa Saumu santuri moja, na lile jalada tupu akaniletea mimi, ili na dada naye asinung'unike.

"Kaka," nikamwambia, "huu mchezo wa wapi? Ni sawa na kuchana doti ya khanga, mmoja ajifunge, mwenzake ajitande."

"Santuri mbili, wake wawili," akanijibu. "Kuna hesabu rahisi kuliko hiyo?"

Nikalitia jalada langu kwapani, nikaenda kuliweka.

Miaka ikaenda. Bendi ikafa, tarumbeta ikaingia kutu. Mwaka jana, siku chache baada ya Maulidi, kaka akaanguka kiharusi. Wake zake wakashindana auguzwe kwa nani, na kwa kuwa hawakuafikiana, akaletwa kwangu. Kwa haki ileile. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha, ninayemlisha uji kwa kijiko. Silalamiki. Au tuseme nalalamika, lakini nafanya.

Na hakusema neno. Miezi saba, hata kuitika. Daktari alisema ulimi unaweza ila mtu mwenyewe amekata tamaa, kwa hiyo tumzungumzishe mambo anayoyapenda. Nikamzungumzisha. Nilimsimulia mpira, nikamsimulia bei ya samaki changu, nikamtajia wote waliokufa na wote waliooa. Alinitazama tu. Ndugu zangu, kuongea peke yako miezi saba na mtu anayekutazama kunachosha kuliko kulima. Ndipo nikakumbuka ile albamu, nikasema hili likishindikana, basi tena, nitanyamaza na mimi.

Nikaenda kwa Mwanakombo. Aliitoa santuri yake kwenye kasha, imefungwa khanga juu ya khanga. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Gramafoni yake ilikufa zamani, lakini kila Ijumaa alikuwa akiitoa santuri na kuifuta, na kwa kuifuta huko maandishi ya ile karatasi ya katikati yalikuwa yamekwisha kabisa. Wajukuu waliwahi kutaka kuitumia kama sinia la kuchezea, akawafukuza nyumba nzima. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia nisiiinamishe.

Nikaenda kwa Saumu. Ya kwake ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa cha godoro, umeshonwa pande zote, umetundikwa ukutani nyuma ya nguo zake. Kuna watu wanaopita mitaani kukusanya santuri za zamani. Walimjia mara nne. Mara ya nne walimletea televisheni mpya, wanawe wakamlilia, yeye akachukua sindano na uzi akaishona ili hata kuiona isionekane. Mimi mwenyewe, wifi yake, nilikaa pale tangu saa mbili mpaka saa sita nikimwomba, na nilipomwambia ni kwa ajili ya Kibwana, akauliza, "Na ile nyingine itakuwepo?" Nikasema itakuwepo. Akaitungua.

Nikaenda kwa Fundi Mhina. Alikuwa na mashine kuukuu ya santuri, haina mkanda, haina sindano, ameifanya meza ya kuwekea chai. Akanitukana kwanza. Halafu akakata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa mkanda, ukawa mnene, akaukata tena. Mara kumi na moja aliukata. Sindano aliitafuta Pangani, akaitafuta Muheza, akaipata Korogwe kwa mjane wa fundi mwenzake. Wiki tatu zilipita. Siku alipokuja nayo kwangu, vidole vyake vilikuwa vimechanikachanika.

Basi wakakutana, siku ya Jumapili, baada ya adhuhuri. Wake wenza hawa hawakuwa wamekaa chumba kimoja tangu msiba wa mama yetu, miaka kumi na moja. Mmoja akakaa kulia kwa kitanda, mmoja kushoto, na mimi nikasukuma stuli zao zikawa umbali mmoja, maana nawajua. Fundi akakaa chini na mashine yake.

Tukaanza na ya Mwanakombo. Sauti ya kaka ikatoka, ya ujana, ikiaga. Akaaga mama, akaaga mlango, akaaga mpaka kuku. Kaka mwenyewe kalala kafumba macho. Upande ukaisha. Fundi akaigeuza santuri, akaiweka sindano, tarumbeta ikalia kwa nguvu, kwa furaha.

Kaka akapiga godoro kwa mkono ule mzima.

"Bado," akasema.

Neno moja. Fundi akainua sindano. Mwanakombo akashika kifua. Mimi nilikuwa nimebeba kikombe cha uji, sijui kilikwenda wapi, nilikiokota baadaye chini ya kitanda.

"Bado nini, Baba Zubeda?" Saumu akauliza. Kaka akawa anautazama ule mfuko ulioshonwa uliokuwa mapajani pa Saumu. Saumu akakata uzi kwa meno, Fundi akaitoa santuri, akaisoma katikati, akaanza kujitukana mwenyewe.

"Hii ni upande wa pili na wa tatu," akasema. "Zamani kulikuwa na mashine za kupanga santuri juu kwa juu. Moja ikimaliza, nyingine inaanguka juu yake, halafu unazigeuza zote pamoja. Kwa hiyo viwandani walikuwa wakiweka wa kwanza na wa nne kwenye santuri moja, wa pili na wa tatu kwenye nyingine. Nami fundi mzima nimesahau. Nimemrudisha mtu nyumbani hata njia hajaishika."

Mmeelewa? Kaka yangu mwenye haki, kwa miaka yote ile, alimpa mke mmoja kuondoka na kurudi, na mwingine akampa katikati. Na hao hawakuwa wakisemezana, nani angemweleza mwenzake?

Tukazipiga kwa utaratibu wake. Wa pili, wa tatu, halafu wa nne. Mwanakombo alisikia ile njia na ule ugeni, akasema taratibu, "Mimi kwangu yule mwashi alitoka akarudi papo hapo. Nilifikiri ndivyo alivyotunga." Ulipofika upande wa nne Saumu alijifunika uso kwa mtandio wake. "Kwangu mimi," akasema, "hakurudi kabisa." Nikawaonea huruma wote wawili, huruma iliyoniuma, na mimi si mtu wa huruma za haraka.

Sindano ilipofika mwisho, kaka akasema tena. Alisema polepole, kila neno akilivuta.

"Nilikosea kugawa. Zikae pamoja. Apewe mmoja. Yule aliyenifungua mdomo."

"Nani?" wakauliza wote watatu kwa pamoja.

Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama Fundi. Halafu akanitazama mimi. "Mwanahawa ataamua," akasema, akafumba macho.

Ona mtu huyo. Miaka arobaini na ushee hakuthubutu kuchagua kati ya wake zake hata samaki, na leo anitwishe mimi. Nilikasirika, nikatoka nje nikaenda kukaa jikoni. Wakanifuata hukohuko.

Mwanakombo akasema, "Wifi, jambo li wazi. Alisema bado alipoisikia santuri yangu. Ingekuwa na mkwaruzo mmoja, ingerukaruka, asingeujua hata huo upande ni upi. Ni mimi niliyemfungua mdomo, na nimekuwa nikifanya hivyo kila Ijumaa bila kujua."

Saumu akasema, "Alisema bado kwa sababu ya kwangu haikuwapo. Mtu huita kilichokosekana. Ningeikubali ile televisheni, angesema bado na bado ingebaki bado. Kilichomfungua mdomo ni hiki nilichokataa kukitoa."

Fundi akasema, "Mimi sitaki maneno ya wake wenza. Lakini haki yangu ni haki yangu. Bila mkanda wangu, hizo zenu ni sahani. Na isitoshe, ningegeuza kwa usahihi, mgonjwa angesikiliza pande nne kimya akalala zake. Yaliyomfungua mdomo ni makosa yangu. Nayo nimeyafanya mimi, hakuna aliyenisaidia."

Niliwaambia nitaiweka mimi, kila mmoja aje aisikilize hapa. Tukarudi chumbani nikamwambia kaka hivyo, akapiga godoro. Nikasema wapokezane mwezi mwezi. Akapiga tena. Kwa Kiswahili chepesi, anataka jina.

Fikirini na nyinyi. Nikimpa Mwanakombo, Saumu atasema ndiyo maana mwashi kwake hakurudi. Nikimpa Saumu, Mwanakombo ataona utunzaji wake wote ulikuwa wa kumtunzia mwenzake. Nikimpa Fundi, wote wawili watajua nimeogopa, na nitakuwa nimeogopa kweli, ingawa mtu yule anastahili kama wenzake.

Na hayo siyo yanayoninyima usingizi. Limebaki moja, ambalo wao watatu sijawaambia. Tangu Jumapili ile ni wiki ya sita. Kila asubuhi nikimpelekea uji, kaka ananitazama usoni na kuniuliza, wazi kabisa, "Umempa nani?" Namwambia sijaamua. Anatikisa kichwa, anafungua kinywa, anakula. Hasemi jambo jingine kutwa nzima. Hayo ndiyo maneno yake yote aliyobaki nayo duniani, na anayo kwa sababu mimi sijatoa jibu. Siku nikimtajia jina, atakuwa na nini cha kuniuliza?

Lakini wenzake nao wana umri. Mwanakombo magoti yamekwisha, Saumu presha inampanda, Fundi macho yanafifia. Nikichelewesha, nitakuja kumpa mtu asiyekuwepo, na yeye mwenyewe kaka atakuwa ameondoka bila kujua.

Nimemaliza. Sasa semeni nyinyi, mmoja mmoja, na mtoto akitaka kusema asizuiwe. Nani alimfungua mdomo: aliyetunza, aliyekataa, au aliyekosea? Na mkishanitajia jina, mnijibu na hili la pili, maana uji uko jikoni na kesho asubuhi ataniuliza: ingekuwa wewe, ungemwambia?