Jiwe la Mlangoni kwa Jundubu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mkulima aliyeitwa Jundubu bin Wakii, naye alizaliwa katika nchi ambayo ardhi yote, mabonde na milima, ilikuwa mali ya mfalme. Watu wa nchi hiyo walilima, walijenga na walizikana, lakini yote kwa ruhusa. Aliyetaka kupanda mti aliomba ruhusa. Aliyetaka kumwoza binti yake kijiji cha pili aliomba ruhusa. Kujenga kwa mawe kulikatazwa kabisa, nyumba zote zilikuwa za udongo, ili mtu asije akajisahau akadhani amefika kwake.

Baba yake, mzee Wakii, alikuwa amepanda mitende katika shamba alilopewa kulitunza. Na mtende si mchicha, huupandi leo ukala kesho. Unataka kunyweshwa na kuchungwa miaka na miaka kabla haujamrudishia mtu fadhila. Mwaka ule mitende ilipobeba kwa mara ya kwanza, msimamizi wa mfalme alikuja akasema shamba limepewa askari mmoja wa farasi aliyemfurahisha mfalme. Mzee Wakii hakugombana, maana hapakuwa na wa kugombana naye. Alikusanya vyombo vyake, na njiani akamwambia mwanawe neno ambalo Jundubu hakulisahau: "Mwanangu, mtu asiye na mlango wake hana neno lake. Atasema ndiyo kwa kila mtu mpaka afe."

Mzee huyo alipofariki, Jundubu alimchukua mkewe, Bi Lubaba, wakahama. Walifika katika nchi nyingine iliyohukumiwa kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, na huko wakaambiwa jambo ambalo mwanzoni walidhani wanataniwa: kwamba anayeihuisha ardhi iliyokufa, isiyo na mwenyewe, ardhi hiyo huwa yake, atawarithisha watoto wake, na hata amiri haingii humo ila kwa idhini. Jundubu akaenda kwa kadhi wa mji, Sheikh Mughithi, akamtajia bonde moja lililo mbali kidogo na mji, ambalo halikuwa na mtu.

Kadhi akamuuliza, kama desturi yao ilivyokuwa, "Umeona humo athari yoyote ya mtu? Ukuta, shimo, mti uliopandwa?"

"Sijaona ila mchanga na miba," akajibu Jundubu, na siku hiyo alisema kweli.

"Basi nenda kaihuishe. Ukiihuisha ni yako."

Jundubu akaenda akafyeka miba, akachagua mahali pa kuchimba kisima. Mahali penyewe palikuwa na bonyeo kidogo mchangani, naye akafurahi kwamba kazi itakuwa nyepesi. Alipokwisha kuchimba kimo cha mtu, jembe lake liligonga jiwe. Akalifukua. Lilikuwa jiwe refu, zito, na ukingo wake mmoja ulikuwa na mifuo myororo, kama vidole vilivyopita kwenye samli. Hakuna mkulima asiyejua mifuo ile. Huchimbwa na kamba za ndoo, zikipanda na kushuka juu ya jiwe la mdomo wa kisima, babu kwa mjukuu, hata jiwe likalika.

Alikaa pembeni ya shimo akilitazama. Aliifahamu maana yake vizuri sana. Bonde halikuwa limekufa, lilikuwa limelala, na kulikuwa na watu mahali fulani waliokuwa na haki nalo. Alipaswa kurudi kwa kadhi amwambie. Lakini alimkumbuka baba yake akikusanya vyombo, akajiambia kwamba wenyewe wamekwisha kufa, na kwamba kadhi alimuuliza kuhusu alichokiona siku ile, hakumuuliza kuhusu atakachokiona. Nafsi ni fundi wa hoja za namna hiyo. Basi akaendelea kuchimba, akapata maji matamu. Na alipojenga nyumba yake, nyumba ya mawe, alilichukua jiwe lile akaligeuza, mifuo ikaelekea ardhini, akalifanya kizingiti cha kukanyagia mlangoni. Mkewe alisifu kwamba ni kizingiti kizuri.

Miaka ikapita. Jundubu alipanda mitende, akaizungushia ukuta, na ukutani akaweka lango. Siku moja amiri wa nchi alipita na watu wake wakitoka safari, jua likiwa kali, na kivuli kilikuwa kwa Jundubu peke yake. Amiri alishuka kutoka juu ya farasi, akasimama nje ya lango, akapiga hodi. Akangoja mpaka alipokaribishwa. Alipokunywa maji na kuondoka, Bi Lubaba alimkuta mumewe ameegemea ukuta analia kama mtoto.

"Amiri amepiga hodi kwangu," alisema. "Laiti baba angaliona."

Nasi tusimcheke kwa machozi yale. Aliyezaliwa ndani ya uhuru hajui uzito wake, hudhani ni kama hewa.

Mwaka ule mitende ilipobeba kwa mara ya kwanza, lilitokea kundi la wafugaji, na ngamia wao na mbuzi wao, wamechoka, mbuzi mbavu nje. Waliongozwa na mwanamke mtu mzima aliyeitwa Bi Unaisa. Alisimama langoni, akatazama kulia na kushoto, akasema, "Bwana, hapa ndipo kilipokuwa kisima chetu. Watu wetu walihama wakati wa tauni, na wengi walifia ugenini. Mimi niliondoka hapa nimebebwa mgongoni. Sasa tumerudi."

Jundubu, nataka lifahamike hili, hakuwa mtu bahili. Aliwafungulia, akawanywesha watu na wanyama hadi wakashiba, wala hakutaka malipo. Kisha akasema, "Bibi, maji mtakunywa, Mungu ameharamisha kumnyima mtu maji ya ziada. Ila ardhi hii ni yangu kwa sheria. Kila mkija, pigeni hodi, nami nitawapa ruhusa."

Bi Unaisa akajibu, "Mungu akulipe kheri kwa maji. Lakini ruhusa inayotolewa leo na baba, kesho hunyimwa na mwana. Mimi sikuja kuomba, nimekuja kwangu."

Neno hilo lilimchoma Jundubu, akakasirika, na hasira yake ilikuwa kubwa kwa sababu alilijua jiwe lilipo. Wakaenda kwa kadhi asubuhi iliyofuata.

Kadhi Mughithi alikuwa amezeeka, lakini akili yake ilikuwa timamu. Akamtaka Bi Unaisa alete ushahidi. Bi Unaisa hakuwa na shahidi wala alama. Wazee wake walikuwa makaburini, na mchanga ulikuwa umehamisha kila kitu.

"Ninachokijua ni alichonisimulia bibi yangu," alisema. "Kwamba mdomo wa kisima ulikuwa na jiwe lenye mifuo ya kamba, na kila ukoo ulikuwa na mfuo wake. Sisi tulikuwa mfuo wa ukingoni. Ukitumia mfuo wa mwenzio, unamwomba radhi."

"Jiwe hilo liko wapi?"

"Sijui, Kadhi. Huenda limezikwa na mchanga."

Kadhi akasema, "Sheria inajulikana. Mwenye kudai alete ushahidi, na mwenye kukana ale kiapo. Jundubu, baada ya swala ya alasiri utaapa mbele yetu kwamba bonde lile ulilihuisha likiwa limekufa, wala hukukuta humo athari ya mtu. Ukiapa, halitakuwa na mdai tena mpaka Kiyama."

Jundubu akarudi nyumbani kwenda kujitayarisha. Katika hali kama hiyo mtu hutawadha, huvaa nguo safi, husema maneno machache na kazi imekwisha. Alipofika, Bi Lubaba alikuwa ameketi mlangoni, juu ya kizingiti, anapepeta shayiri kwenye ungo. Juu ya kichwa chake, ng'ambo ya ua, vishada vya tende vilikuwa vimeanza kuwa vya manjano.

Jundubu akasema, "Mke wangu, inuka hapo. Nataka kung'oa kizingiti."

"Kina nini?"

Akamweleza yote, toka siku ya jembe na jiwe. Bi Lubaba alisikiliza hadi mwisho.

"Tukiondolewa hapa tutakwenda wapi?" aliuliza. "Tutarudi kule?"

"Sijui."

"Na tende za mwaka huu? Baba yako alinyang'anywa hivi hivi, mwaka kama huu."

"Baba alidhulumiwa," alisema Jundubu. "Mimi nitarudisha. Na nikiapa leo, Lubaba, yule msimamizi wa mfalme nitakuwa mimi."

Bi Lubaba alilia kidogo, hilo halikufichwa katika masimulizi. Kisha akauweka ungo kando, akafuta macho kwa ncha ya ushungi, akashika upande mmoja wa jiwe na mumewe akashika wa pili. Lilikuwa limeganda, wakahangaika nalo hadi likatoka.

Watu waliokusanyika baada ya alasiri walimwona Jundubu akija na punda, na juu ya punda kuna kitu kizito kimefunikwa gunia. Akakishusha mbele ya kadhi, akaondoa gunia. Mifuo ilikuwa imejaa udongo wa miaka mingi. Bi Unaisa akapiga magoti, akatia kidole katika mfuo wa ukingoni, akaufuta taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Siwezi kuapa," alisema Jundubu.

Kadhi akamwambia, "Ungenyamaza, hapana ambaye angejua."

"Nilikuwa nikilikanyaga kila alfajiri nikitoka kwenda kuswali, Kadhi. Mungu hakunyamaza, mimi ndiye niliyejifanya siwezi kusikia."

Hapo wengine wangesema mtihani umekwisha. Haukuwa umekwisha. Kadhi alimhurumia, akauliza swali lililokuwa na mlango wa kutokea: "Jiwe hili ulilipata kabla ya kupanda mitende, au baadaye? Fikiri kabla hujajibu. Aliyepanda kwa nia njema, asijue, sheria humlindia miti yake."

Kila mtu pale alielewa kwamba neno moja tu, baadaye, lingemwachia mitende yake, na hapakuwa na kiumbe wa kumpinga. Jundubu alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu. Bi Lubaba akainamisha kichwa.

"Kabla," alisema Jundubu. "Sikuwa nimepanda hata mche mmoja."

Kadhi akahukumu kwa sauti ya huzuni. Bonde halikuwa ardhi iliyokufa. Kisima na eneo linalokizunguka ni vya Bi Unaisa na watu wake. Mitende imepandwa na mtu aliyejua, basi amri yake iko mikononi mwa wenye ardhi, wakitaka waiache, wakitaka aing'oe.

Bi Unaisa akasimama. Walikuwako katika watu wake waliomvuta nguo na kumnong'oneza kwamba mitende iwe yao na Jundubu akae kwa ruhusa tu, kwani tende zilikuwa karibu kuiva, na njaa ni njaa. Yeye hakuwageukia.

"Kadhi," alisema, "mtu huyu jana alitaka kunipa ruhusa, nikaikataa. Leo watu wangu wanataka nimpe yeye ruhusa ya kukaa, na mimi siitaki hata kwa kumpa. Ninajua ladha yake. Shuhudieni nyote kwamba ile ardhi yenye mitende na nyumba ni milki yake na ya watoto wake, nimemkatia kutoka kwenye haki yetu, na sitarudi nyuma. Kisima ni chetu, naye awe na mfuo wake kama ukoo mmoja wetu. Na lango la kwenda kisimani liondolewe."

Kadhi akamuuliza, "Unampa mtu aliyelificha jiwe lako?"

"Ninampa aliyelileta," alijibu. "Nimezunguka nchi nyingi, Kadhi, na jirani ambaye neno lake linamshinda hata yeye mwenyewe sijampata mara nyingi. Mtu kama huyo nikimwacha aende, sisi ndio tutakaokuwa na hasara."

Imepokewa kwamba Jundubu alipolisikia hilo aliketi chini pale pale. Mwaka huo alivuna tende, akala pamoja na wafugaji. Jiwe lilirudishwa kwenye mdomo wa kisima, mifuo juu, na wa kwanza kupitisha kamba alikuwa Bi Unaisa. Wa pili alikuwa Bi Lubaba, katika mfuo mpya ambao bado haukuwa na kina. Mlangoni kwake Jundubu hakuweka jiwe jingine. Wageni walijikwaa kidogo kwenye lile shimo wakiingia, naye aliwaomba radhi na kuwakaribisha.

Ndugu zangu, hadi leo watu hubishana ni nchi ipi yenye uhuru na ipi isiyo nao. Wana haki ya kubishana, kwani nchi hazilingani, na atakayekwambia zinalingana hajawahi kunyang'anywa shamba. Jundubu alihama nchi mbaya akaja katika nchi njema, na nchi njema ikampa mlango. Lakini sheria ya nchi, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuinua kizingiti cha mtu ikatazama kilichogeuzwa chini yake. Hilo hubaki baina ya mwenye nyumba na Mola wake, mpaka siku atakapomwambia mkewe ainuke.