Placek ya Mwisho

Hapo zamani za Vita Kuu ya Pili, Wapolandi walipohifadhiwa kambini Tengeru, chini ya Mlima Meru, alikuwako bibi mmoja, Genowefa Wilk, na mjukuu wake Halinka. Mama yake Halinka alipozikwa, mtoto alikataa chakula. Uji alikataa, mkate alikataa, maziwa alikataa. Siku ya tatu akanong'ona, "Nataka placki za mama."

Placki ni chapati nyembamba za viazi vilivyokunwa. Ikiwa moja huitwa placek. Hakuna aliyezikaanga kama Genowefa. Lakini baridi ya Siberia, walikopelekwa kwanza kwa nguvu, ilikuwa imeiharibu mikono yake, haikuweza kukuna tena, na viazi kambini vilikuwa vimekwisha.

Anaeli Mbise, mkulima wa jirani, akaleta viazi vyake vyote vya mbegu. "Chukua, Bibi. Mke wangu akiuliza, sema panya."

Eliakunda Kaaya, aliyefua nguo kambini, akatoboa mkebe kwa msumari, akakunia hapo hata vidole vikatoka damu. Akavikamua viazi, akamwaga maji.

"Umemwaga na wanga uliotuama chini!" Genowefa akalia. "Ndio unaoshika!"

"Nisamehe, Bibi. Nimezoea muhogo, na maji yake tunamwaga."

Placek ya kwanza ikasambaratika kikaangoni. Halinka akageukia ukuta.

Ndipo akaingia Wanda Sikora, wa chumba cha pili, na kikombe cha wanga wa viazi. Alikuwa ameuweka miezi miwili, aikakamaze nao shela ya binti yake, bibi harusi wa Jumapili. "Shela itaning'inia kama tambara," akasema. "Mtoto ale."

Genowefa akakoroga, akamimina, akageuza. Kingo zikawa kahawia, zikakauka vizuri. Halinka akala moja, akala ya pili, akala ya tano.

Ikabaki moja. Kwa akina Wilk, placek ya mwisho haikatwi. Hupewa aliyeilisha nyumba siku ile.

"Bila mbegu yangu mngekuna mawe," akasema Anaeli.

"Na bila vidole vyangu angetafuna viazi vibichi!"

"Vidole vilivyomwaga wanga?"

"Nilikosea, baba. Sikukimbia."

"Mpe bibi yako," akasema Wanda. "Wanga nilikuwa nao, na placki kama hizi sijapata kuzipika."

Halinka akainua sahani kwa mikono miwili. "Bibi, nimpe nani?"

Genowefa akawatazama mmoja mmoja. Nanyi mnaosikiliza, msaidieni kabla haijapoa: je, nani alistahili?